Kupona Mara Mbili: Maneno juu ya Riwaya ya "Dear Edward"

Lugha yetu ina maneno mengi ya kumtaja mtu aliyetoka salama katika hatari iliyowaua wenziwe, na kila neno lina njia yake. Tukisema kwamba ameokoka, msikilizaji huuliza moyoni, "Ameokolewa na nani?" Tukisema kwamba amenusurika, twaonyesha ya kuwa ilibaki kidogo tu naye afe. Tukisema kwamba amesalia, twamhesabu kama kitu kilichobaki baada ya vingine kuondolewa. Walakini tukisema kwamba amepona, twatumia neno lenye maana mbili. Maana mtu hupona ajali kwa dakika moja, na mtu hupona jeraha kwa siku nyingi. Katika riwaya tunayotaka kuieleza hapa maana hizo mbili zimetengana kwa muda wa miaka sita, na kazi yote ya kitabu hicho ni kumfuata kijana mmoja atokapo katika kupona kwa kwanza hata afikie kupona kwa pili.

Riwaya hiyo yaitwa Dear Edward, nayo imetungwa na Bibi Ann Napolitano wa Marekani, ikapigwa chapa mwaka 2020. Mwaka 2023 hadithi yake ilifanywa pia mchezo wa televisheni. Imeandikwa kwa Kiingereza chepesi, na mwalimu aliyezoea kusoma lugha hiyo hatapata taabu nayo. Twaileta mbele ya wasomaji wetu, walimu na makasisi, kwa sababu yahusu jambo ambalo hutuangukia sisi kwanza: mtoto aliyefiwa na wote arudipo darasani na kanisani, nasi hatujui tumwambie nini.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Juni mwaka 2013 ndege yaondoka Newark, karibu na New York, kwenda Los Angeles. Ndani yake yumo Bwana Bruce Adler, mwalimu wa hesabu ambaye huwafundisha wanawe nyumbani. Na mkewe Jane, mtunzi wa michezo ya sinema, ambaye kazi yake ndiyo inayowahamisha. Na wana wao wawili, Jordan wa miaka 15, na Eddie wa miaka 12. Ndege hiyo yaanguka katika nchi ya Colorado. Watu 191 wafa. Mmoja tu apona, naye ni Eddie. Achukuliwa na Lacey, ndugu ya mama yake, na mumewe John, wakaao katika mji mdogo wa New Jersey. Na tangu siku ile mtunzi hamwiti Eddie tena, bali Edward. Jina fupi la utotoni lakaa ndani ya ndege pamoja na wazazi na kaka. Wasomaji wetu waliokaa na makabila ambayo kijana hupewa jina jipya atokapo jandoni wataelewa upesi. Tofauti ni kwamba huko jandoni wazee humngojea kijana mlangoni na ngoma, wakamwambia yeye ni nani sasa. Edward amepata jina jipya, na hapana mzee awezaye kumwambia maana yake.

Mtunzi hakulitoa jambo hili hewani. Tarehe 12 Mei 2010 ndege yenye watu 104 ilianguka Tripoli katika nchi ya Libya, na mtoto mmoja wa Uholanzi mwenye miaka 9 akapona peke yake. Bibi Napolitano amesema kwamba habari hiyo ilimkaa moyoni hata akaandika kitabu hiki. Sisi wa pwani hii twakumbuka jambo la karibu zaidi. Tarehe 30 Juni 2009 ndege iliyokuwa ikienda Ngazija ilianguka baharini karibu na visiwa vya Komoro, ikiwa na watu 153; akapona msichana mmoja tu, aliyeshikilia kipande cha ndege majini kwa saa nyingi hata akaokotwa. Wala walimu wa Tanzania hawakusahau tarehe 6 Mei 2017, wakati basi la wanafunzi lilipotumbukia korongoni karibu na Karatu. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walikufa. Watoto 3 walipona, wakapelekwa Marekani kutibiwa, wakarudi. Mifupa yaweza kuungwa na matabibu wa nchi ya mbali. Mengine yaliyovunjika hurudi nyumbani na mtoto, nayo ndiyo habari ya kitabu hiki.

Sasa tulitazame jina la kitabu, kwa maana katika jina hilo yamo mengi. Maneno mawili yale ni salamu ya kufungulia barua, na mfasiri wa Kiswahili atasimama mlangoni asijue aingie kwa mguu gani. Je, aseme "Mpenzi Edward"? Wazee wetu waliandika hivyo bila haya, lakini vijana wa leo wakiliona neno hilo hudhani ni barua ya mchumba. Aseme "Ndugu Edward"? Ni salamu ya mkutano na ya ofisi. Aseme "Mwanangu Edward"? Hapo twafika penye jambo lenyewe. Salamu ya Kiingereza ni moja kwa watu wote. Mkopeshaji huitumia, na mama huitumia. Mswahili hawezi kumwandikia mtoto asiyemjua bila kuchagua kwanza yeye ni nani kwake: baba, au mama, au bibi, au kaka. Na aliyekwisha kuandika "mwanangu" amekwisha kudai haki ya mzazi.

Basi hayo ndiyo yaliyomo katika barua zile. Jamaa za watu 191 waliokufa wamemwandikia Edward kwa mamia. John amezificha barua zote katika mifuko mikubwa ndani ya banda la motokaa, na kwa miaka mingi kijana hana habari. Hata alipokuwa na miaka 15, yeye na rafiki yake Shay, binti wa nyumba ya jirani, wazivumbua, nao waanza kuzisoma usiku kwa siri. Wengine wauliza kama alimwona mtu wao ndani ya ndege, na kama alisema neno. Wengine wamwomba afanye yale ambayo marehemu alikusudia kuyafanya. Kila mmoja, katika uchungu wake, amemtwika mtoto mmoja deni la maiti mmoja. Naye ana maiti 191 kabla ya kuwahesabu wazazi wake kwa namna ya peke yao.

Hapa twaona uwezo wa mtunzi. Hawafanyi waandikaji wa barua kuwa wabaya. Kila barua, ikisomwa peke yake, yaliza. Ni zote pamoja ndizo zinazoponda. Watu wetu husema, "Kifo cha wengi harusi," kwa maana msiba ushirikiwao hupungua uzito. Methali hiyo ni kweli kwa waliofiwa ambao wana wenzao wa kulia nao. Kwa Edward yageuka: waliokufa ni wengi, na wa kukumbuka yaliyotokea ndani ya ndege ni mmoja. Wengine wote ni wafiwa. Yeye peke yake ni mfiwa na shahidi na, machoni pa watu, muujiza. Hata Shay, walipokuwa wangali wadogo, alimdhania kuwa na nguvu za ajabu kama yule mtoto wa hadithi za Harry Potter, aliyepona na kovu mwilini.

Tujiulize, ndugu wasomaji, kama sisi hatujaandika barua ya namna hiyo. Labda si kwa wino. Lakini ni mara ngapi tumemshika mkono mtoto aliyepona ajali iliyowaua wazazi wake, tukamwambia mbele ya watu, "Mungu amekubakiza kwa sababu ana kazi kubwa nawe"? Twasema kwa nia njema, na pengine twasema kwa sababu kimya chatutisha. Mtoto asikia neno lingine. Asikia kwamba wale wengine hawakuwa na kazi, ndiyo sababu wakaachwa wafe. Na kwamba yeye asipofanya jambo kubwa, atakuwa amekula maisha ya watu bure. Mwandishi wa maneno haya amelisema neno hilo zaidi ya mara moja makaburini, na baada ya kusoma kitabu hiki hatalisema tena. Imani yetu kwamba maisha ya kila mtu yana kusudi haipunguki kwa kunyamaza mbele ya mtoto. Bali kumtangazia kusudi hilo siku ya mazishi, kana kwamba tumeonyeshwa daftari la mbinguni, ni kujitwalia tusichopewa. Kitabu chenyewe hakitoi jibu la swali la kwa nini yeye alipona na kaka yake akafa. Wako watakaoona huo kuwa upungufu. Sisi twauona kuwa adabu.

Basi kama si kwa jibu, kijana huyu apona kwa nini? Kwa mambo matatu, nayo yote ni madogo.

La kwanza ni mtu wa kulala karibu naye. Lacey, ambaye amepoteza mimba mara nyingi, ampa Edward chumba alichokuwa amekiweka tayari kwa mtoto ambaye hakuzaliwa. Mtoto hawezi kulala humo. Avuka kwenda nyumba ya jirani, alala sakafuni katika chumba cha Shay, na mama wa Shay amruhusu. Msomaji wetu asishtuke, maana ni watoto wa miaka 12, na mtunzi hana nia mbaya. Atazame badala yake jinsi mtoto wa Marekani, asiyefundishwa na mtu, alivyofanya kama wafanyavyo watu wa pwani: amelala matanga. Kwetu mfiwa haachwi kulala peke yake kitandani. Mikeka hutandikwa chini, na jirani huja kulala pamoja naye, wala si lazima waseme. Katika nchi ile desturi hiyo haipo, naye mtoto akaivumbua upya kwa kuihitaji. Shay hamfariji kwa maneno mazuri. Pengine humkemea. Lakini yupo.

La pili ni kazi. Mkuu wa shule, Bwana Arundhi, amejaza ofisi yake majani ya mimea ya kivulini anayoipenda sana. Amwita Edward, na badala ya kumhubiri ampa chombo cha maji, amwomba amsaidie kuitunza. Katika kitabu chote hatukuona tendo la hekima kuliko hilo. Wakubwa wengine wamtazama mtoto kama yai lililopasuka. Huyu ampa kiumbe dhaifu kuliko yeye, kitakachokufa asipokinywesha. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," wasema wazee. Methali hiyo hutumiwa mara nyingi kumfukuza mgeni mvivu, lakini ina uso mwingine: apewaye jembe si mgeni tena, ni mtu wa nyumba. Twasema pia kwamba yatima hadeki, tukimhurumia kwa kuwa hana wa kumdekeza. Edward ana wengi wa kumdekeza, na kudekezwa huko kwamweka nje ya watu. Chombo kile cha maji ndicho kinachomwingiza ndani.

La tatu ni kweli. John alificha barua kwa upendo, kama vile watu wetu wamwambiavyo mtoto kwamba baba amesafiri, hali amekwisha kuzikwa. Mtunzi hamlaumu John, naye amchora kuwa mtu mwema ambaye usiku hakai kitako kwa kujaribu kumkinga mtoto. Lakini aonyesha wazi kwamba siri ile ilikuwa ukuta kati ya wawili wapendanao. Barua zilipofichuliwa ziliumiza, na katika kuumiza huko kijana alianza kuwaona watu wengine walioumizwa, si yeye peke yake. Akatambua kwamba hawezi kulipa madeni yale, lakini aweza kuyasikiliza. Mtoto wa miaka 12 asingeweza kuyachukua mambo hayo, na John hakukosa kungoja. Kosa lake ni kutokujua lini kungoja kumekwisha.

Twasema sasa juu ya ufundi wa kitabu. Sura zake zapokezana: moja ndani ya ndege, saa kwa saa, na moja baada ya msiba, mwezi kwa mwezi na mwaka kwa mwaka. Msomaji ajua tangu mwanzo kwamba watu hawa watakufa, nao hawajui. Kwa hiyo kila jambo dogo lapata uzito: mama ameketi mbele katika viti vya gharama kwa ajili ya kazi yake, mbali na wanawe, msichana mmoja agundua kwamba ana mimba, askari aliyejeruhiwa awaza maisha yake yatakuwaje. Sababu ya kuanguka, yaani mirija ya kupimia mwendo kuziba kwa barafu na rubani msaidizi kuinua pua ya ndege badala ya kuishusha, yafanana mno na ile ndege ya Ufaransa iliyoanguka katika bahari ya Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 na kuua watu 228. Mtunzi aieleza bila kupiga kelele. Kuanguka kwenyewe kwawekwa karibu na mwisho wa kitabu, wakati Edward mwenyewe amepata nguvu ya kukutazama, na msomaji pamoja naye. Huo ni mpango mwema, nao wafuata njia ya moyo wa mfiwa, ambaye hukumbuka mwisho kile kilichotangulia kutokea.

Lakini yapo ya kulaumu. Baadhi ya abiria hawakukamilika kuwa watu. Tajiri mzee mwenye hasira na kijana wa biashara ya fedha twadhani tumekwisha kuwaona mahali pengine. Tena karibu na mwisho Edward aletewa fedha nyingi mno na ndugu ya mmoja wa waliokufa, naye azigawa kwa wanaozihitaji. Twafahamu nia: deni lisilolipika lapata njia ya kulipwa kidogo. Walakini mkono wa mtunzi waonekana hapo. Mayatima tunaowajua hawaletewi hazina, nao wapaswa kupona bila hiyo. Na kitabu kilikuwa kimekwisha kutuonyesha njia isiyotaka fedha, yaani ule mmea na chombo cha maji. Kilikuwa hakina haja ya zaidi.

Mwisho wenyewe, hata hivyo, ni mzuri, na Mswahili ataufurahia kwa namna ambayo mtunzi hakuweza kuikusudia. Edward, akiwa kijana wa miaka 18, asafiri na Shay kwenda Colorado, mahali pa msiba. Huko pamesimamishwa ukumbusho: ndege 191 wa madini, wamepangwa hewani kwa umbo la ndege. Kwa Kiingereza hayo ni maneno mawili, na fundi alipaswa kuyaunganisha kwa mikono yake. Sisi twatumia neno moja kwa kiumbe arukaye na kwa chombo kirukacho, na ngeli peke yake ndiyo inayotuambia ni yupi. Ndege ilianguka, ndege hawa hawaanguki. Mfasiri hatahitaji kuongeza kitu.

Kwetu siku ya kumaliza maombolezo watu huanua tanga. Mikeka hukunjwa, na jirani humwambia mfiwa kwamba sasa ruhusa kwenda shambani. Huzuni haikwishi siku hiyo, lakini yupo mwenye haki ya kusema kwamba maisha yameanza tena, na asemapo mfiwa hana hatia ya kuishi. Edward hakuwa na wa kumwanulia. Alilala matanga miaka sita, hata akaenda mwenyewe mahali alipopona mara ya kwanza, akakunja mkeka wake kwa mkono wake.

Neno hilo twaliacha kwa walimu na makasisi. Mtoto wa namna hii akirudi kwetu, tusimwulize alibakizwa kwa nini. Tumpe mahali pa kukaa karibu na mwenziwe. Tumpe mche wa kunywesha au kengele ya kupiga. Tumjibu kweli siku aulizapo, kwa kadiri ya umri wake. Na siku ikiwadia, asiachwe atafute njia peke yake: awepo mtu mzima wa kumwambia kwamba tanga limeanuliwa, naye ana ruhusa ya kucheka.